Tamthilia za Televisheni na Saa Zetu za Jioni

(Hii ni hotuba iliyotolewa katika kikao cha wazazi wa madrasa baada ya swala ya Alasiri. Tunaichapa kwa maombi ya ndugu waliohudhuria, na kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika. – Mhariri)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.t.) aliyetukutanisha jioni hii tukiwa na afya na amani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu wazazi, wazee wetu, na mama zetu na dada zetu mlioko upande wa pili wa pazia,

Tuliombwa kuzungumza juu ya televisheni na malezi ya watoto. Mada hii imehutubiwa mara nyingi katika misikiti yetu, na tunadhani kila mmoja wenu anaijua hotuba yake kwa moyo. Msemaji hulaani mavazi ya waigizaji, hulaani muziki na mabusu, wasikilizaji hutikisa vichwa kwa kuafiki, kisha watu hurudi majumbani na kabla viatu havijavuliwa king'amuzi kimekwisha kuwashwa. Hatukusudii kuirudia hotuba hiyo, ijapokuwa mengi yaliyomo ndani yake ni kweli. Leo tunataka kusema juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni tamthilia, yaani hadithi ile inayokatwa vipande na kuletwa jioni baada ya jioni. Na miongoni mwa tamthilia tutasema hasa juu ya zile tunazozipenda sisi wenyewe, watu wa msikitini, zile ambazo hatuoni haya kuzitazama mbele ya wakwe zetu.

Wenye umri mkubwa hapa wanakumbuka jinsi mambo yalivyoanza. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara tulingoja mpaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vikaanza kurusha matangazo. Nyumba yenye televisheni ilijulikana mtaa mzima, na madirisha yake yalijaa vichwa vya watoto kila jioni. Zikaja tamthilia za Marekani, zikaja za Amerika ya Kusini zilizotiwa sauti za Kiingereza, ikaja Isidingo ya Afrika ya Kusini, ambayo huko kwao ilianza 1998 na ikamalizika Machi 2020. Mama zetu wasiojua Kiingereza walizifuata kwa macho tu, na asubuhi yake wakatusimulia kisa chote bila kukosea nani amemwibia nani mume. Kazi ya mhubiri wakati ule ilikuwa nyepesi, kwa sababu alichokikataza kilikuwa kikionekana na kila mtu. Hata aliyekuwa akikitazama alijua kwamba anatazama asichopaswa, naye akipiga hodi mgeni huharakisha kubadilisha kituo.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, nayo ikapendwa hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake hapa Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ilikuwa ajabu kumsikia mama mkwe wa Kichina akimsema mkamwana wake kwa Kiswahili safi, na watu wakagundua, wengine kwa kicheko na wengine kwa kuugua, kuwa mama mkwe ni mama mkwe popote alipo. Mlango ulifunguka hapo. Baadaye zikaingia za Kituruki, na kwa mlango huo huo wa Kiswahili akaingia Ertuğrul.

Kwa wale wachache wasioijua, tamthilia hiyo, ambayo kwa Kituruki huitwa Diriliş: Ertuğrul, ilianza kuonyeshwa na shirika la televisheni la taifa la Uturuki, TRT, Desemba 2014, na ikamalizika Mei 2019 baada ya misimu 5 na sehemu 150. Pakistan iliionyesha kwa Kiurdu katika televisheni yake ya taifa kuanzia Ramadhani ya 2020, baada ya waziri mkuu wa wakati ule, Imran Khan, kuwahimiza watu waitazame. Kwetu sisi iliwafikia watu kwa king'amuzi, na pia kwa njia zile nyingine ambazo vijana wanazijua na ambazo hatutaziulizia hapa. Kisa chake ni cha kabila la Kayi katika karne ya 13, wafugaji wanaotafuta malisho na makazi, upande mmoja wakisukumwa na Wamongolia na upande mwingine wakipambana na wapiganaji wa Msalaba. Shujaa wake ndiye baba wa Osman, ambaye dola ya Uthmaniyya ilichukua jina lake.

Tuseme ukweli, ndugu zetu: tuliifurahia. Maisha yetu yote tumezoea kumwona Mwislamu katika filamu akiwa mlipuaji wa mabomu, au dereva wa teksi, au sultani mnene aliyezungukwa na wajakazi. Hapa tulimwona Mwislamu akichomoa upanga kwa Bismillahi, akimbusu mama yake mkono kabla ya safari, akikaa chini na wenzake kuzunguka sinia moja. Hayme, mama wa shujaa, anapoingia baraza la wazee, wanaume wenye ndevu wanamsikiliza. Na dada zetu, tunajua, walilitazama baraza lile kwa makini kuliko vita vyote. Tena kulikuwa na neema nyingine ambayo hatupaswi kuidharau. Kwa miaka mingi televisheni ilikuwa imezigawa nyumba zetu, baba na mpira wake, watoto na katuni zao, mama na harusi zake za Kihindi. Ertuğrul aliwaketisha pamoja. Bibi, baba, mama na watoto walikaa mkeka mmoja, na hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua rimoti.

Mtaani kwetu yuko bibi mmoja, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, ambaye alimpenda Halime, mke wa Ertuğrul, kama binti yake wa kumzaa. Msimu wa 5 ulipoanza, Halime akawa hayuko tena, amekwisha kufariki. Bibi yule akasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kwa sauti, na machozi yakamtoka. Sisi tulikuwapo. Tulibaki hatujui kama inatupasa kumsahihisha au kumpa pole, na mwisho tukampa pole.

Na maudhi nayo tuyaseme, kwani mwenye kufuata tamthilia ni mtu wa kuudhika. Sehemu moja ya Ertuğrul kama ilivyotoka kwao huchukua takriban saa mbili, na nusu yake watu wanatembea polepole, wanageuka polepole, wanatazamana polepole, farasi wanaruka polepole. Sababu yake ni ya kibiashara. Kituo cha Uturuki hununua sehemu moja ya tamthilia kwa wiki na kutaka iujaze usiku mzima ili matangazo yapate mahali pa kukaa, na wanaoifanya kazi hiyo wenyewe wamewahi kulalamika hadharani kuhusu urefu huo. Basi usimlaumu Ertuğrul kwa kuchukua dakika tatu kugeuza shingo, kwani analipiwa. Kisha kuna yule msaliti ndani ya hema, ambaye mtoto wa miaka sita amekwisha kumjua kwa macho yake tu, lakini mabwana wa kabila, watu wenye busara, wanahitaji sehemu kumi na tano kumtambua. Akifa huyo, kabla damu haijakauka, mwingine ameshaanza kunong'ona. Na pale unaposema leo mambo yataisha, upanga uko hewani, muziki unapanda, picha inaganda, na unaambiwa tukutane wakati mwingine.

Hayo ni maudhi ya hadithi yenyewe. Ya hapa kwetu mnayajua: umeme kukatika upanga ukiwa pale pale hewani, kifurushi kumalizika tarehe 28, sauti ya mhusika uliyemzoea kubadilishwa msimu mpya ukianza, ukahisi kama ndugu yako amerudi safari akiwa mtu mwingine. Kituo kimoja tulichokuwa tukikitegemea kiliacha katikati ya msimu bila neno la kuaga, kikaanza tamthilia nyingine saa ile ile, kana kwamba watu wa Kayi hawakuwahi kuzaliwa. Wala si sisi peke yetu tuliofanyiwa hivyo. Machi 2018 vituo vya MBC, vinavyotazamwa katika nchi zote za Kiarabu, viliondoa kwa siku moja tamthilia zake za Kituruki kwa sababu za kisiasa, na watazamaji wakaachwa kila mmoja na kisa chake kisicho mwisho.

Kwa nini basi tunarudi? Swali hili lina historia ndefu kuliko televisheni. Vitabu vya sira vinatueleza habari za Nadhr bin Harith, mtu wa Makka, aliyesafiri mpaka Hira akajifunza visa vya wafalme wa Uajemi, vya Rustam na Isfandiyar. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akimaliza kuwasomea watu Qur'ani na kuwakumbusha yaliyozipata umma zilizotangulia, Nadhr alikuwa akikaa mahali pale pale na kuwaambia watu kuwa yeye ana masimulizi mazuri zaidi. Baadhi ya wafasiri wamesema aya ya 6 ya Sura Luqman, inayokemea mazungumzo ya upuuzi yanayowapoteza watu, iliteremka kwa ajili yake. Liangalieni jambo hili vizuri. Nadhr hakuleta pombe mahali pale. Alileta visa vya mashujaa, vya farasi na panga na uaminifu wa rafiki kwa rafiki. Alikuwa anajua kuwa mahali pa kusikilizia ni pamoja tu, na anayekiwahi kiti ndiye mwenye wasikilizaji.

Wala dini yetu haikukataza visa. Qur'ani yenyewe imekiita kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kuwa ni katika visa vizuri kabisa, nacho kimesimuliwa mfululizo katika sura moja, tangu ndoto mpaka tafsiri ya ndoto. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na tamthilia zao, ila zilikuwa za masikio. Mwengo bin Athumani wa Pate alitunga Utenzi wa Tambuka, ambao mswada wake wa zamani una tarehe ya 1728, na ndani yake mna majeshi yanayogongana, mabingwa wanaotoka mmoja mmoja uwanjani, na damu nyingi. Kwa historia, Mtume (s.a.w.) alipokwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria hakukutana na jeshi la Warumi, wala vita havikupigwa. Mshairi alijaza kwa ubunifu mahali ambapo historia ilinyamaza, kama walivyofanya hawa wa Uturuki. Tofauti tunayoiona ni kwamba utenzi ulisomwa katika baraza, na barazani palikuwa na sheikh wa kuulizwa. Televisheni ukiiuliza haikujibu.

Na la kuuliza lipo jingi. Ertuğrul aliishi kweli. Ipo sarafu ya mwanawe yenye jina la Osman bin Ertuğrul, na kaburi linalonasibishwa naye lipo Söğüt mpaka leo. Lakini masimulizi juu ya maisha yake yaliandikwa katika karne ya 15, zaidi ya miaka mia moja baada ya kufa kwake, na ni machache kiasi kwamba hayawezi kujaza jioni moja, sembuse sehemu 150. Sa'duddin Köpek, yule waziri mwovu mliyemchukia sana, alikuwapo, na alikuwa mwovu kweli. Ila aliyeamuru auawe ni sultani wake, Ghiyathuddin Kaykhusraw wa Pili, na upanga wa Ertuğrul haukuwa na habari. Ibn Arabi, anayetokea katika tamthilia kila shujaa anapohitaji dua na nasaha, alizaliwa Murcia, Andalusi, mwaka 1165, na kufariki Damascus mwaka 1240. Hakuna kumbukumbu ya kihistoria inayosema kuwa alikutana na Ertuğrul. Na maulamaa wametofautiana sana juu ya mafundisho yake, wako waliomtukuza na wako waliomkanusha kwa maneno makali. Jambo ambalo mtazamaji hawezi kulijua kwa kumwona mzee mpole mwenye ndevu nyeupe na taa mkononi.

Mwaka mmoja uliopita kijana mmoja, mwema na mwenye bidii, alisimama katika darsa ya Jumamosi akatoa hoja. Alianza, "Sheikh amesema," na akaendelea na maneno mazuri juu ya subira. Tulimwuliza ni sheikh gani, na ameyasoma wapi. Akasita. Akasema ni sheikh aliyemwambia Ertuğrul alipokuwa amejeruhiwa. Vijana wenzake hawakucheka, na hilo ndilo lililotushtua. Kwao hoja ilikuwa imetimia. Maneno yaliyoandikwa na mtu wa filamu mjini Istanbul yalikuwa yamepewa kiti katika darsa, karibu na Bukhari na Muslim.

Ndugu wazazi, hapo ndipo tulipoanza kuitazama tamthilia hii kwa jicho lingine. Tamthilia yenye mabusu tunaitazama tukiwa na ulinzi, yaani mtu anajua anatazama nini, na moyo umeegemea mlango. Hii yenye Bismillahi tunaifungulia mlango na madirisha. Filamu ya The Message ya Moustapha Akkad, iliyotoka 1976 na ambayo wengi wetu tuliiona kwa kanda za video, angalau ilijiwekea mpaka, kwani Mtume (s.a.w.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Iran mwaka 2008 ilitoa tamthilia ya Nabii Yusuf yenye mwigizaji anayeonyesha uso kama uso wa Nabii, na maulamaa wengi wa Kisunni wakalikataa jambo hilo. Tamthilia ya Omar ya Ramadhani ya 2012, sehemu 30 juu ya khalifa wa pili (r.a.), ilipitiwa kwanza na jopo la maulamaa, na bado Al-Azhar ikapinga kuigizwa kwa masahaba wakubwa. Juu ya masuala hayo mijadala ilifanyika, watu wakajulishwa. Ertuğrul si nabii wala sahaba, na labda ndiyo maana alipita bila kuulizwa chochote. Ni kweli kwamba Februari 2020 Darul Iftaa ya Misri ilitoa onyo dhidi ya tamthilia za Kituruki, lakini kwa kuwa Cairo na Ankara zilikuwa na ugomvi wa kisiasa wakati ule, sisi hatukuweza kujua onyo lilikomea wapi na siasa ilianzia wapi, na hatutaki kuwafunga nalo.

Sasa turuhusuni tuseme juu ya nyumba yetu wenyewe, kwa sababu haifai kuwatuma wengine kwenye hesabu ambayo hatujaifanya.

Kipindi kilikuwa kikianza saa mbili kamili usiku. Jamaa ya Isha katika msikiti wetu, wakati ule wa mwaka, ilikuwa ikimalizika dakika chache kabla ya hapo, na kutoka msikitini mpaka nyumbani ni mwendo wa robo saa. Mwanzo tulikuwa tukitoka haraka baada ya salamu, tukiacha sunna tuisali nyumbani. Baadaye tukaanza kusema leo tumechoka, tutasali nyumbani na watoto, nayo pia ni jamaa. Baadaye tukagundua kuwa matangazo ya katikati ya kipindi yana urefu unaotosha. Tunasema haya kwa aibu: kwa karibu msimu mzima nyumba yetu ilisali Isha wakati wa matangazo ya sabuni na mabando ya simu. Tulijua tangazo lipi ni la mwisho. Tulipolisikia kutoka chumba cha pili tulijua imebaki tahiyyatu, na ulimi ukaongeza kasi wenyewe.

Usiku mmoja, katika tamthilia, Ertuğrul na watu wake walikuwa wakisali jangwani. Mwongozaji wa filamu hakuwa na haraka, kama kawaida yake, kamera ikakaa juu ya sijida kwa muda mrefu, upepo ukivuma. Kijana wetu wa miaka tisa alikuwa amekaa karibu na goti letu. Akauliza bila nia yoyote mbaya, "Baba, mbona Ertuğrul anasali polepole kuliko wewe?"

Hatukumjibu usiku ule, na mpaka leo hatujamjibu kwa ulimi. Mwigizaji yule alilipwa kusujudu mbele ya kamera, na sisi hatukulipwa. Lakini mtoto aliziona sijida mbili katika chumba kimoja, akachagua iliyo nzuri, na hakukosea.

Baadaye tulipiga hesabu. Sehemu 150 kwa saa mbili ni saa 300. Msomaji wa kawaida, asiye hafidh wala mwenye haraka, humaliza juzuu moja kwa muda wa saa moja hivi, basi khitma nzima ni kama saa 30. Tulikuwa tumetumia khitma kumi. Na bado hatujahesabu Kuruluş: Osman, iliyofuata kuanzia Novemba 2019, ambayo ni habari za mwana baada ya baba, na wajukuu wa Osman walikuwa wengi, kwa hiyo mtengenezaji hatakosa kazi. Shahrazadi wa Alfu Lela U Lela alikuwa akikata kisa alfajiri ili kuokoa shingo yake. Hawa wanakikata ili wauze sabuni.

Tulijaribu kwanza kuizima kabisa. Ilidumu siku nne. Siku ya tano watoto walikuwa kwa jirani, na mama yao alikuwa akisimuliwa kisa kwa simu na dada yake, na sisi wenyewe tulijikuta tukiuliza, kama mtu asiyejali, kama Turgut amepona. Hapo tukaona kuwa tumeiondoa tamthilia na hatukuweka kitu mahali pake, na mkeka ule ulioketisha watu wote ukabaki mtupu. Hilo nalo lilituuma. Kwa hiyo wale wanaosema ivunjeni, tunawaheshimu, na anayeweza na avunje. Sisi hatukuweza, na hatutawaambia kuwa tuliweza.

Tunachofanya sasa ni hiki. Isha inasaliwa msikitini, na watoto wa kiume wanakuja pamoja nasi. Kipindi kinachoanza kabla hatujarudi kinaanza bila sisi. Mara nyingi tunakuta dakika ishirini zimepita na, amini msiamini, bado wanatazamana. Siku mbili kwa wiki hakiwashwi kabisa, na mkeka ule ule unatandikwa, na sira inasomwa, kipande kifupi, na tunaacha pale ambapo watoto wanalalamika kwamba tuendelee. Ndiyo, tumewaibia ujuzi wao. Kisa cha Salman al-Farisi (r.a.), aliyetoka Uajemi, akahama kutoka kwa mtawa mmoja hadi mwingine, akasalitiwa na kuuzwa utumwani mpaka akafika Madina, tulikisoma kwa majuma matatu, na binti yetu mdogo alikataa kulala usiku tulioachia pale alipouzwa. Na kila tunapoitazama tamthilia, kijana mkubwa ana kazi ya kuandika jambo moja katika daftari ambalo hana hakika nalo, ili aliulize darsani. Daftari limejaa. Mengi ya maswali yake hatuyawezi, na imetubidi kununua vitabu.

Hatudai kwamba nyumba nzima imetengenea. Wiki iliyopita tulichelewa tena, na si kwa sababu ya mvua.

Kwa kumalizia, tuna mambo mawili ya kuwaomba, na mwalimu mkuu wa madrasa ameyakubali. La kwanza, kuanzia mwezi ujao, kila Jumanne baada ya Isha, patakuwa na darsa ya historia ya Waseljuki na Wauthmaniyya, kutoka vita vya Manzikert vya 1071 mpaka kuvunjwa kwa ukhalifa mwaka 1924, pamoja na wale vijana waliojaza madaftari yao. Ni kwa wazazi na watoto wa kuanzia miaka kumi na miwili, na dada zetu wamewekewa nafasi upande wao. Tumechagua Jumanne kwa sababu tulipowauliza watoto, walisema siku hiyo kipindi ni cha marudio. La pili, yeyote mwenye vitabu vya historia ya Kiislamu kwa Kiswahili, hata vilivyochakaa, avilete kwa katibu vinakiliwe, kwani tulivyo navyo ni vitatu na kimoja hakina kurasa za mwanzo.

Karatasi ya kujiandikisha iko pale mlangoni. Tunamsikia mwadhini anakohoa, Magharibi imekaribia, na tusingependa kuwa sababu ya mtu mwingine kuchelewa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.